Hamilton, Jefferson na jinsi vyama vilivyoimiliki kura ya rais wa Marekani

Tarehe 7 Mei 1800 Alexander Hamilton alimwandikia barua gavana wa New York, John Jay, akimwomba afanye jambo ambalo wote wawili walijua halina heshima. Chama chao cha Federalist kilikuwa kimeangushwa siku chache tu nyuma katika uchaguzi wa bunge la jimbo. Aaron Burr, hasimu wao, alikuwa amewapanga wapiga kura wa jiji la New York mtaa kwa mtaa, na bunge jipya lingekuwa mikononi mwa chama cha Thomas Jefferson. Wakati huo bunge la New York ndilo lililoteua wajumbe wa kumchagua rais, kwa hiyo wajumbe wote 12 wa jimbo hilo wangekwenda kwa Jefferson. Hamilton akamshauri Jay aliitishe upesi bunge la zamani, ambalo muda wake ulikuwa haujaisha, libadili sheria ili wajumbe wachaguliwe na wananchi wilaya kwa wilaya. Hapo chama kingeokoa walau wachache. Si wakati wa kushikilia mno miiko, aliandika, ikiwa kinachotafutwa ni kumzuia mtu asiyemwamini Mungu na mwenye ushabiki wa kupindukia asishike usukani wa nchi.

Jay, Federalist mwenzake, alikataa. Kwenye barua hiyo aliandika maneno machache: hili ni pendekezo la kukinufaisha chama, na halinifai mimi kulitekeleza.

Huyu Hamilton ndiye aliyeutetea mfumo huohuo magazetini mwaka 1788. Aliwaambia wananchi wa New York kwamba rais atachaguliwa na watu wachache wenye busara, watakaokutana kila kundi kwenye jimbo lake, mbali na fitina na rushwa. Kama utaratibu huu si kamilifu, alisema, basi angalau ni bora sana. Ilichukua miaka 12 tu kwa mtetezi mkuu wa mfumo kuomba uchezewe, kwa sababu safari hii ulikuwa ukielekea kumpa ushindi mtu asiyemtaka.

Nimeanza na barua hii kwa sababu kila baada ya miaka 4, Marekani inapopiga kura, tunasikia hoja ileile kutoka pande zote mbili. Wanaoutetea mfumo wa wajumbe wanasema waasisi walikuwa na hekima ya pekee. Wanaoupinga wanasema waasisi waliwaogopa wananchi. Pande zote zinawapa waasisi sifa au lawama ambayo kwa sehemu kubwa si yao. Walichokiacha wale wazee waliokutana Philadelphia kutunga katiba ni vifungu vichache tu. Mengi tunayoyaona leo, kuanzia majimbo machache yanayogombewa hadi mikutano mikuu ya uteuzi yenye maputo, yalitengenezwa na vyama, na vyama havitajwi popote katika katiba hiyo.

Mwaka 1787 wajumbe wa mkutano wa katiba walilizungusha suala la kumpata rais kwa miezi, na wachache tu walionekana kuridhika. Wazo la kwanza lilikuwa rais achaguliwe na Congress, nalo liliogopwa kwa sababu rais angekuwa mtumwa wa wabunge. James Wilson wa Pennsylvania alitaka wananchi wenyewe wachague. James Madison alikiri tarehe 19 Julai kwamba wananchi kwa ujumla ndio wanaofaa zaidi, lakini akataja tatizo bila kificho: majimbo ya kusini yalikuwa na watu wengi weusi ambao hawangepiga kura, hivyo kusini ingepoteza nguvu. Kwa kutumia wajumbe, watumwa wangehesabiwa kwa kiwango cha tatu ya tano katika kugawa viti vya bunge, ambavyo ndivyo vilivyoamua idadi ya wajumbe wa jimbo, na bwana zao ndio wangepiga kura. Kati ya marais 5 wa kwanza, 4 walitoka Virginia.

Mwanzoni mwa Septemba, watu wakiwa wamechoka, kamati ya mambo yaliyobaki ndiyo iliyoleta mpango wa wajumbe. Kila jimbo liteue wajumbe kwa namna bunge lake litakavyoamua. Kila mjumbe apigie kura watu wawili, mmoja wao asiwe wa jimbo lake. Anayepata kura nyingi, zaidi ya nusu ya wajumbe, awe rais. Anayemfuata awe makamu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, chombo cha bunge kiamue. George Mason wa Virginia alikadiria kwamba mara 19 katika 20 uamuzi ungeishia bungeni, kwa kuwa kura zingetawanyika kwa watu mashuhuri wa kila jimbo.

Mason hakuwa mjinga. Wajumbe walipangiwa kukutana siku moja, kila kundi mjini kwake, bila simu wala treni, na bila mtu wa kuwaambia nani anagombea. George Washington aliuficha udhaifu huo, maana yeye alichaguliwa na wajumbe wote mara mbili, mwaka 1789 na 1792. Alipoondoka, mtambo ukabaki bila kitu cha kuuendesha. Kilichokuja kuuendesha ni vyama. Vyama ndivyo vilivyowaambia wajumbe wa Georgia na wa New Hampshire waandike jina lilelile. Bila vyama utabiri wa Mason ungetimia, na Marekani leo ingekuwa na rais anayechaguliwa na wabunge. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani vyama viliharibu mfumo uliokuwa mzuri. Viliuokoa mfumo uliokuwa mbovu, kisha vikajimilikisha.

Umiliki huo ulianza mapema. Mwaka 1796 Samuel Miles wa Pennsylvania alichaguliwa kuwa mjumbe kwa orodha ya Federalist, halafu akampigia kura Jefferson badala ya John Adams. Mpiga kura mmoja aliyekasirika aliandika gazetini kwamba hakumchagua Miles akafikiri kwa niaba yake nani bora kati ya Adams na Jefferson. Alimchagua akatende alichotumwa. Wananchi wa kawaida walikuwa wameshaelewa jambo ambalo katiba ilikuwa haijalisema. Mjumbe mwenye busara na uhuru wake, yule wa makala za Hamilton, alizikwa hapo, katika uchaguzi wa kwanza tu baada ya Washington.

Uchaguzi huohuo ulitoa kituko: Adams alipata kura 71 akawa rais, Jefferson akapata 68 akawa makamu wake. Mtu na mpinzani wake katika serikali moja. Mwaka 1800 kikaja kituko kikubwa zaidi. Chama cha Jefferson kilikuwa kimejipanga vizuri mno. Kila mjumbe wake alimpigia Jefferson na mgombea mwenza Burr, kila mmoja akapata 73, na katiba haikuwa na njia ya kujua nani alikusudiwa kuwa rais. Federalist walikuwa waangalifu zaidi: mjumbe wao mmoja alimwandika John Jay badala ya Pinckney, mgombea mwenza wa Adams, hivyo Adams akapata 65 na Pinckney 64. Suala likaenda Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lilikuwa na kura moja, na ambako Federalist walioshindwa bado walikuwa na nguvu ya kukwamisha. Walipiga kura mara 36. Tarehe 17 Februari 1801, zikiwa zimebaki wiki mbili na ushee rais mpya aapishwe, James Bayard, Federalist wa Delaware, alilegeza msimamo na Jefferson akapita. Hamilton, kwa taarifa ya msomaji, katika hatua hiyo aliwasihi wenzake wamkubali Jefferson. Alimwogopa Burr zaidi.

Marekebisho ya 12 ya katiba, yaliyokamilika mwaka 1804, yalitenganisha kura ya rais na ya makamu. Yasome kutoka mwanzo hadi mwisho: neno chama halimo. Lakini hayana maana yoyote kama hakuna vyama vinavyosimamisha watu wawili kwa pamoja. Katiba ilikuwa imeinama kuvipisha vyama vipite, huku ikijifanya haivioni.

Tanzania iliamua kuyaweka haya waziwazi. Ibara ya 39 ya katiba yetu inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga miiko ya namna hiyo hadi Mahakama ya Afrika pale Arusha, iliyompa ushindi mwaka 2013. Marekani haina kifungu kama hicho. Mgombea binafsi anaruhusiwa, na wamekuwapo wengi. Hata hivyo, tangu Washington hajapatikana rais hata mmoja aliyechaguliwa akiwa nje ya chama. Kinachowazuia wagombea binafsi ni hesabu, na hesabu hiyo inahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo moyo wa jambo zima.

Ukitazama ramani ya uchaguzi wa Marekani usiku wa matokeo, unaona jimbo zima likipakwa rangi moja. Mshindi wa California, awe ameshinda kwa kura moja au kwa milioni, anazoa wajumbe wote 54. Wengi wanadhani hilo liko kwenye katiba. Halimo. Katiba iliwaachia wabunge wa majimbo waamue, na mwanzoni kila jimbo lilikuwa na lake: mengine bunge liliteua, mengine wananchi walichagua wilaya kwa wilaya, mengine yalitumia orodha moja ya jimbo zima. Mwaka 1796 Virginia, nyumbani kwa Jefferson, ilichagua kwa wilaya, na mjumbe mmoja kati ya 21 akaenda kwa Adams.

Mmoja tu, lakini Jefferson alishindwa kwa tofauti ya kura 3. Tarehe 12 Januari 1800 alimwandikia James Monroe, gavana wa Virginia wakati huo. Kila mtu anakubali, aliandika, kwamba uchaguzi wa wilaya kwa wilaya ndio bora kama ungefuatwa kote. Lakini maadamu majimbo 10 yanatumia bunge au orodha moja, ni upumbavu, na zaidi ya upumbavu, kwa yale 6 mengine kutofanya hivyo. Virginia ikabadili sheria. Wajumbe wote 21 wakaenda kwa Jefferson. Massachusetts, ngome ya Adams, ilipoona hivyo ikaiondoa kura kwa wananchi na kuwapa wabunge wake, ili asiponyoke hata mjumbe mmoja. Na sasa msomaji anaweza kuiona barua ya Hamilton katika nafasi yake: katika mwaka uleule Jefferson alizikimbia wilaya Virginia kwa sababu zingempunguzia, na Hamilton alizikimbilia New York kwa sababu zingemwokoa. Kama wajumbe 12 wa New York wangemwendea Adams, yeye ndiye angeendelea kuwa rais.

Jefferson alisema kweli kwamba njia anayoichagua ni mbaya zaidi, kisha akaichagua. Sioni njia ya kumlaumu sana. Jimbo linalogawanya kura zake peke yake linajipunguzia nguvu, na chama kinachotawala jimbo hilo kinampa mpinzani zawadi bila malipo. Ndiyo maana, jimbo moja lilipobadilika, mengine yalifuata. Kufikia mwaka 1836 majimbo yote yalikuwa yakitumia mshindi kuchukua vyote, isipokuwa South Carolina, ambako wabunge waliendelea kuteua hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe. Madison, mzee sasa, aliandika mwaka 1823 kwamba waliotunga katiba wengi wao walikuwa wakifikiria wilaya, na akataka katiba irekebishwe ili kurudisha wilaya. Kati ya 1813 na 1822 Seneti ilipitisha marekebisho ya aina hiyo mara 4. Baraza la Wawakilishi halikuyapitisha.

Matokeo yake tunaishi nayo hadi leo. Mwaka 2024 zaidi ya watu milioni 6 walimpigia Donald Trump huko California na hawakupata hata mjumbe mmoja. Mamilioni waliompigia Kamala Harris huko Texas nao waliambulia patupu. Kampeni zikahamia majimbo 7: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Mkulima wa Kansas na mvuvi wa Louisiana waliziona kampeni kwenye televisheni kama sisi. Anayesema waasisi waliweka mfumo huu kuyalinda majimbo madogo anieleze kwa nini Wyoming na Vermont, majimbo madogo kabisa, hayatembelewi na mgombea yeyote.

Upande wa pili wa umiliki ni uteuzi: nani anapewa nafasi ya kugombea. Hapa katiba haisemi chochote. Mwanzoni wabunge wa kila chama walikaa kikao wakachagua jina, hadi mwaka 1824, kikao kilipompitisha William Crawford kikiwa na wabunge 66 tu na kikachekwa nchi nzima. Wagombea 4, wote wa chama kimoja kwa jina, kile cha Jefferson, wakagawana kura. Andrew Jackson aliongoza kwa wajumbe 99, bila kufikia nusu. Baraza la Wawakilishi likamchagua John Quincy Adams, aliyekuwa wa pili. Henry Clay, wa nne, aliyemsaidia kupita, akapewa uwaziri wa mambo ya nje. Wafuasi wa Jackson wakapiga kelele za hongo kwa miaka 4 mfululizo, na Martin Van Buren wa New York akaigeuza hasira hiyo kuwa chama, Democratic, chenye matawi, magazeti na ajira za serikali za kuwalipa waaminifu. Mwaka 1828 Jackson alishinda kwa 178 dhidi ya 83. Tangu hapo uchaguzi wa rais haujarudi tena Baraza la Wawakilishi. Van Buren alikuwa ameuona ukweli wa Mason na kuupatia dawa: vyama viwili vikubwa, basi kura hazitawanyiki.

Mikutano mikuu ya uteuzi ilianza Baltimore mwaka 1831, na walioianzisha ni chama kidogo kilichopinga Freemason. Vyama vikubwa viliiga. Kwa zaidi ya karne moja mikutano hiyo ndiyo ilikuwa soko la madaraka, na mwenye kumbukumbu ya Dodoma mwaka 2015, jina la Edward Lowassa lilipokatwa na John Magufuli akaibuka, hatapata shida kuelewa ilivyokuwa. Abraham Lincoln alipita Chicago mwaka 1860 katika raundi ya 3. Mwaka 1924 Democratic walipiga kura mara 103 pale New York hadi wakamkubali John W. Davis, mtu aliyekuwa chaguo la kwanza la wachache sana, na akashindwa vibaya. Kura za mchujo, ambazo wapiga kura wa kawaida huzitumia kuchagua mgombea wa chama, zilikuwapo tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini zilikuwa za kuonyesha nguvu tu. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alimshinda Rais Taft hata katika Ohio, jimbo la Taft mwenyewe, na bado mkutano mkuu ukampa Taft. Roosevelt akaondoka na watu wake, Republican wakagawanyika, Woodrow Wilson akaingia Ikulu.

Kilichovunja utaratibu huo ni mwaka 1968. Hubert Humphrey hakushiriki kura za mchujo, Robert Kennedy aliyezishiriki aliuawa Juni, na wazee wa chama wakampitisha Humphrey huko Chicago huku polisi wakiwapiga waandamanaji mitaani. Aliposhindwa na Nixon, chama kikaunda tume ya kubadili kanuni chini ya seneta George McGovern. Kanuni mpya ziliwapa wapiga kura wa mchujo neno la mwisho, na mtu wa kwanza kunufaika nazo alikuwa McGovern mwenyewe, aliyeteuliwa mwaka 1972 na kupoteza majimbo 49. Majimbo yalibadili sheria zao, Republican nao wakajikuta ndani ya utaratibu huo bila kuupigania. Ndiyo njia aliyopitia Trump mwaka 2016, viongozi wengi wa chama chake wakimtazama bila uwezo wa kumkata jina. Lakini usidhani vyama viliachia ufunguo. Joe Biden alipojitoa tarehe 21 Julai 2024, Harris alithibitishwa na wajumbe wa chama mapema Agosti kwa kura ya mtandaoni, bila jimbo lolote kurudia mchujo. Ulikuwa uamuzi wa chama, na ulikuwa halali kabisa.

Mahakama nayo imebariki. Mwaka 2016 wajumbe 4 wa jimbo la Washington walikataa kumpigia Hillary Clinton, wakapigwa faini ya dola 1,000 kila mmoja. Watatu kati yao wakaenda hadi Mahakama ya Juu wakidai wao ndio wale watu huru wa Hamilton. Mwaka 2020 majaji wote 9 waliwakatalia: jimbo lina haki ya kumlazimisha mjumbe atimize alichoahidi. Miezi michache baadaye watu wa Trump walijaribu mlango mwingine, ule wa mabunge ya majimbo kuteua wajumbe. Viongozi wa bunge la Michigan waliitwa Ikulu tarehe 20 Novemba 2020, wakarudi nyumbani na kusema watafuata matokeo. Wengi waliona jaribio hilo kuwa jambo geni lililozuka na Trump. Massachusetts ya mwaka 1800 iliwapa wabunge kazi hiyo kabla ya kura, yeye aliitaka baada ya kura, na tofauti hiyo ni kubwa. Ila mlango ni uleule, na vyama ndivyo vilivyouonyesha ulipo.

Je, haya yanaweza kubadilika? Nafasi kubwa zaidi ilitokea mwaka 1969, baada ya George Wallace, mgombea wa nje ya vyama viwili vikubwa, kuzoa wajumbe 46 wa kusini katika uchaguzi wa 1968. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kura ya moja kwa moja ya wananchi kwa 338 dhidi ya 70, vyama vyote viwili vikiwa ndani. Seneta Birch Bayh akaupeleka muswada Seneti, na mwezi Septemba 1970 maseneta wa kusini, pamoja na wenzao wa majimbo madogo, wakaukwamisha kwa mjadala usio na mwisho. Kusini ile, iliyokuwa imewanyima weusi kura kwa vizazi, ilikuwa na sababu zake za kupenda hesabu inayohesabu vichwa bila kuuliza nani alipiga kura.

Leo Maine na Nebraska pekee ndizo zinazogawa baadhi ya wajumbe kwa wilaya, kama Madison alivyotaka. Nebraska ni ya Republican, lakini wilaya ya Omaha imewahi kumpa mjumbe mmoja Obama, kisha Biden. Septemba 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi, seneta Lindsey Graham alisafiri kwenda Nebraska kuwashawishi wabunge wa jimbo warudi kwenye mshindi kuchukua vyote, na Trump naye akasukuma. Maine, inayotawaliwa na Democratic, ilikuwa imeshatangaza tangu Aprili kwamba Nebraska ikibadili, nayo itafikiria kubadili. Ilikuwa barua ya Jefferson kwa Monroe, imeandikwa upya kwa pande mbili. Aliyezuia ni mtu mmoja, Mike McDonnell, mbunge wa jimbo kutoka Omaha, aliyekuwa amehamia Republican mwaka huohuo. Alisema siku 43 kabla ya uchaguzi si wakati wa kubadili kanuni. Muswada ulirudi mwaka 2025, ukakwama tena.